Nilivyoionja Chupa ya Mtaalamu wa Maji

Cheka kwanza umalize ndipo nikueleze, maana hata mke wangu mpaka leo akinipa kikombe cha maji hunitazama mdomoni.

Kwetu Buganguzi tunachota kwenye chemchemi iliyo bondeni, na watoto walikuwa wanaharisha mfululizo, Koku, mtoto wa jirani yangu, amelazwa kabisa hospitali, basi akaja binti mmoja mtaalamu wa maji kutoka Bukoba, ambaye alishapima kwanza mabomba ya Bilele na Kashai huko mjini (Kashai ndiko anakopanga mwanangu, lakini hayo tuyaache), kwa hiyo kwetu alifika amebakiwa na chupa moja tu ya kupimia.

Tukateremka wote kutazama. Akanawa, akakinga maji, akafunga, akanipa nimshikie afungue kisanduku chake cha barafu. Sasa mimi ni mzee wa pale, nikajiuliza, mgeni apokee kinywaji cha kwetu hivihivi? Sisi Wahaya mgeni hapewi rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla mwenyeji hajaionja mbele yake, aone haina sumu. Nikafungua chupa, nikapiga funda (na kinywani nilikuwa natafuna buni za kahawa, kama kawaida yangu), nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pokea, mwanangu. Ni salama."

Binti akatazama vipande vya kahawa vinavyoelea, akanieleza taratibu kwamba chupa ile ilichemshwa makusudi isiguswe na mdomo wala kidole. Nami kwa haya nikazidi kuharibu, nikamwaga, nikasuuza kwa mkono, nikaijaza upya.

Mama Koku, aliyeacha mtoto hospitali aje kusikia, akaniambia kama anavyomwita baba yake, "Tata, tunapima chemchemi au tunapima meno yako?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Koku mwenyewe hakucheka.

Binti ndiye aliyenihurumia. "Umenikaribisha vizuri, babu. Kesho nitarudi na chupa nyingine. Leo chemsheni."

Kesho yake nikawekwa mbali kule juu migombani, nishike mwavuli wake, na mvua yenyewe hakuna.

Majibu yakatoka: maji yana vijidudu vya kinyesi, ng'ombe wananywea pale pale. Vijana wakasema ni vya kinywani mwangu, na kusema kweli nilitamani iwe hivyo, maana kinywa kingeoshwa yakaisha. Miaka yote nilionja maji yale nikiwaambia watu ni mazuri, na Mama Koku aliniamini, akamnywesha mwanawe.

Koku amepona, uzio tumejenga, tunachemsha. Rubisi bado nawaonjea wageni. Maji siyatolei ushahidi tena kwa ulimi huu.