Vikapu vya udongo juu ya paa la Gideoni

Asubuhi ya ukaguzi, fundi Gideoni amelala chali ndani ya tembe la paa bapa la udongo alilolijenga mwenyewe hapa Makole. Anaikodolea macho boriti ya katikati. Haijapinda, lakini hatulii. Anainuka, anaigonga kwa mpini wa shoka, anasikiliza, analala tena.

"Inuka bwana, utachafua kanzu," mkewe Anyesi anamwambia huku akifagia mlangoni. "Watu wa boma hawako mbali."

Tangu reli ifike Dodoma, nyumba za kupangisha zimekuwa zikijengwa harakaharaka na yeyote mwenye jembe na nguvu. Masika iliyopita tembe moja karibu na stesheni liliporomoka na kufukia watu. Alipotafutwa aliyelijenga, ikaonekana kila mtu alikuwa amesaidia tu. Ndipo Wadachi wa boma wakatoa amri: asiye na cheti cha ufundi hajengi mjini. Anayekitaka anajenga tembe la chumba kimoja, wapagazi wanapandishwa juu ya paa, na fundi anakaa chini yao.

"Amri ni nzuri," anasema Gideoni. "Mtu akifa, pawepo wa kuulizwa. Shida ni kwamba wa kuulizwa sasa ni mimi."

Nyumba moja ya mfanyabiashara humpa rupia kumi na mbili, ambazo shamba lake la mtama halimpi hata mwaka wa mvua njema. Akikosa cheti, atarudi kubeba mizigo stesheni, na mgongo wake haumruhusu tena.

Hana wasiwasi na nguzo, maana alizikata mwenyewe. Wasiwasi wake uko juu. Huku Ugogo paa la tembe halifunikwi na mtu mmoja. Siku ya kufunika, ndugu na majirani huja na vikapu vya udongo, na kikapu cha mtu hakirudishwi. Kukirudisha ni kumwambia humtaki kwako.

Gideoni alitaka udongo wa kimo cha kiganja. Bahati mbaya watu wanampenda, wakaja wengi. Mama mkwe wake, Loisi, alikuja mara kadhaa, kila mara na kikapu kikubwa kuliko vyote, udongo wenyewe wa kichuguu, mzito kweli kweli. Mkwe gani angefungua kinywa? Kwa desturi hata usoni hamtazami. Akiwa na neno, hulipitisha kwa Anyesi.

"Nilikuwa nasema asante, asante, huku nahesabu vikapu," anasema.

Mbwana, nyapara wa ujenzi wa boma, mtu wa Kondoa, anafika na wapagazi wake.

"Mbukwa, fundi! Uko tayari?"

"Mbukwa, bwana nyapara. Nipo tu."

Wapagazi wanapanda. Gideoni anaingia ndani, anakaa kitako chini ya boriti. Mbwana anawaamuru waruke, nao wanaruka kwa raha zao kama wako ngomani. Vumbi linamwagika. Majirani walioleta udongo wamejazana nje, Loisi akiwa kati yao. Boriti inalia kidogo, kisha inanyamaza. Paa limesimama.

"Haya, toka uchukue cheti chako!" anapaza sauti Mbwana.

Vigelegele vya kwanza ni vya Loisi. Anajua udongo wa nani uko pale juu, na leo kila mtu atajua. Gideoni anatoka, uso mweupe kwa vumbi, anapokea cheti kwa mikono miwili na kumpa mkewe. Kisha anachukua jembe, anapanda juu ya paa na kuanza kukwangua.

"We fundi, una wazimu?" Mbwana anashangaa. "Umeshafaulu, unahangaika nini?"

"Nimefaulu kiangazi, bwana nyapara. Udongo huu masika ukinywa maji utakuwa mzito maradufu, na humu ndani watalala watu."

Mbwana anatazama paa, kisha anatazama cheti mkononi mwa Anyesi.

Udongo unaendelea kudondoka mbele ya wenyewe walioubeba. Vigelegele vimekatika zamani. Loisi anajitanda kaniki yake, anaondoka bila kumuaga hata binti yake. Kule juu Gideoni anauona mgongo wake ukienda. Machozi yanamlenga, ila jembe halisimami.

Siku hizi Gideoni hakosi kazi mjini. Mbwana amemwahidi kuwapelekea wakubwa wa boma ombi lake, kwamba paa lijaribiwe likiwa limeloweshwa maji. Hilo analingoja kwa hamu, lakini akiulizwa mipango yake, hazungumzii boma.

Anazungumzia tembe la Loisi. Ni la siku nyingi, boriti zake zimeliwa na mchwa, na kila mwaka ndugu huliongezea udongo kwa upendo. Mara mbili amemtuma Anyesi amwombee ruhusa ya kulipunguzia mzigo. Mara ya kwanza Loisi alijibu kwamba paa lake halijamwomba mtu msaada. Mara ya pili hakujibu kabisa.

Mawingu yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Gideoni ameshalinoa jembe.

"Kabla mvua haijanyesha, nitakuwa nimepanda juu ya paa lake," anasema. "Atanifukuza, atanilaani, pengine asile kwangu mpaka mwisho. Sawa tu. Anichukie akiwa hai."