Mkono wa Mama Ukisimama

Mama alikuwa na neno moja la kutuondoa ziwani: "Tutoke." Hakulisema kwa sauti kubwa. Anakuwa anasugua sufuria kwa mchanga, maji yakimfika magotini, halafu mkono unasimama, anasema hivyo, na wanawake wote wanabeba mabeseni yao na kupanda ukingoni. Wakati mwingine kiboko aliibuka baadaye kwenye gugumaji, pale pale tulipokuwa. Mara nyingi halikutokea lolote. Mwaka mmoja mwanamke mmoja alirudi kuchukua sabuni yake, na hakupanda tena. Baada ya hapo hakuna aliyebishana na Mama.

Nilipomaliza shahada na kuanza kupanga utafiti wa uzamili kule chuo kikuu cha Rongo, nilichagua jambo hilo: jinsi wanawake wa upande wetu wa Homa Bay wanavyojua wakati wa kutoka majini. Mhadhiri aliyenisimamia aliipenda mada. Aliniambia nisiandike swali lolote la kuwauliza wengine kabla sijajichunguza: mimi mwenyewe ninajua nini, na nimekijuaje?

Nilikaa na swali hilo chumbani hadi likaninyima hamu ya kula. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga gesi. Mwili wangu hunionya kuhusu kila kitu: simu isiyopokelewa, mbwa aliyelala, ujumbe wa kuitwa ofisini. Nilipojaribu kukumbuka kama utotoni niliwahi kumhisi kiboko kabla Mama hajasema, nilikumbuka hofu tu, na hofu ilikuwa ile ile, kiboko awepo asiwepo. Niliandika hivyo. Mhadhiri akajibu kwamba huo ni mwanzo mzuri, sasa niyajaribu maswali yangu kwa mtu ninayemfahamu.

Nikaenda nyumbani kwa Mama. Nilimkuta jikoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye sinia.

"Mama, ukisema tutoke, huwa umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Umeona?"

"Ningekuwa nimeona ningepiga kelele, nyathina. Mtoto wangu, hata wewe ungenisikia huko Rongo."

Jirani yetu, aliyekuwa amekuja kuazima ungo, akacheka. "Profesa, ukipata jibu uniletee. Mimi hutoka kwa sababu mama yako ametoka."

Sikuacha. Ni harufu? Ni maji kuwa baridi miguuni? Ni ndege kunyamaza? La harufu Mama alilijibu haraka, la maji polepole, na tulipofika kwenye swali la ndege aliliweka sinia chini.

"Sijawahi kufikiria," alisema, akiitazama mikono yake.

Nilifurahi. Nilidhani utafiti umeanza kufanya kazi.

Asubuhi iliyofuata tulishuka ziwani, sisi na jirani. Gugumaji lilikuwa limesogea na kuziba upande wa mawe. Mama aliingia na masufuria, jirani akamfuata na nguo. Mimi nilibaki ukingoni. Baada ya muda nikaona mkono wa Mama umesimama.

Nililingoja lile neno. Halikuja.

Aliinua uso, akanusa. Akaitazama miguu yake ndani ya maji. Kisha akawatafuta ndege kwa macho. Alikuwa anayapitia maswali yangu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule niliomuuliza. Jirani aliendelea kufua, mgongo ameligeuzia ziwa, akimtegemea.

Tumbo langu lilikuwa limekaza. Lakini tumbo langu hukaza kila siku.

"Mama, tutoke," nilisema.

Alitoka papo hapo. Jirani naye akatoka, nguo zikichuruzika maji. "Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu."

Tulisimama tukiangalia. Maji yalitulia. Gugumaji likatikisika mahali pamoja tu, na upepo ulikuwepo, kwa hiyo huenda ulikuwa upepo.

Nilimwandikia mhadhiri kwamba ninabadilisha mada. Nilimwambia Mama ayasahau yale maswali kabisa. Akasema sawa, ameyasahau. Lakini leo alipofika ukingoni na masufuria yake alisimama, akageuka, akanitazama mimi kwanza. Jirani naye akanitazama.

Nikaitikia kwa kichwa kwamba waingie. Sijui nilijuaje.

Jumatatu ninarudi Rongo.