Mkono uliopiga bodi ya lori pale ghalani ulikuwa wa nani?

Nimebanwa kati ya mkia wa lori na ukuta wa ghala, sauti haitoki, namsikia Mwinshehe anauliza, "Huyu naye kalala wapi?"

Sikulala. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unavunjika.

Wakuu wa klabu yetu ya ngoma, salaam aleikum, na wasioitikia hiyo, hamjambo. Nabandika maneno yangu hapa ubaoni ili kila anayekuja kunywa kahawa ayasome. Shule sina. Nimesoma juzuu chache chuoni, na herufi za Kizungu nilijifunzia kwenye magunia. Lakini haya ni kweli tupu, na majina sifichi.

Nimechoka kusikia hapa Kariakoo kwamba nilijitakia.

Kazi yangu ilikuwa utingo. Wengine mnadhani utingo ni mtu wa kupakia mizigo na kuzungusha hendeli ya kuwashia injini. Hapana. Lori likirudi nyuma, dereva ni kipofu. Macho yake ni utingo.

Na mdomo wa utingo ni kiganja. Ukipiga bodi mara moja, simama. Mara mbili, rudi. Injini zile zinanguruma, ukipiga kelele utapasuka koo bure.

Sasa sheria ambayo kila mtu wa malori anaijua: anayepiga bodi ni mtu mmoja tu. Hata tajiri mwenye lori haruhusiwi kugusa.

Nitoke nje ya habari kidogo. Mnaijua ngoma yetu ya beni, na mnaujua ule mnara: watu chini, watu mabegani, na juu kabisa Mwinshehe na kofia yake ya ukapteni anapiga saluti. Wanawake wanapiga vigelegele.

Nyuma ya mnara husimama mdakaji. Hatazami wanawake, hatazami ngoma. Anatazama visigino vya aliye juu. Mdakaji huyo nilikuwa mimi, miaka yote. Iddi moja Mwinshehe aliteleza nikamdaka, kiwiko chake kikaning'oa jino. Akainuka akapiga saluti, akashangiliwa. Mimi nikatema damu pembeni.

Sikudai kitu. Ndiyo kazi ya anayesimama nyuma.

Basi. Siku yenyewe tulileta magunia ya mbata. Mwinshehe ndiye nyapara wa ghala. Dereva alikuwa Salehe. Jioni ile tulikuwa na mazoezi ya ngoma Mnazi Mmoja, na Mwinshehe alikuwa hatulii.

"Nyie leo mnapakua au mnakaa matanga?" anasema.

Salehe akamjibu, "Kapteni, subiri, mnara hauendi bila wewe."

Pale ghalani ardhi inateremka, kwa hiyo lori likisimama lazima niweke kabari ya mbao nyuma ya tairi. Lilikuwa limebakiza hatua chache kufika mlangoni. Nikapiga bodi mara moja ili nipime nafasi, Salehe akasimama. Nikainama niweke kabari.

Nimeinama, nasikia: pa, pa.

Mara mbili. Na mikono yangu yote miwili iko kwenye kabari.

Lori likarudi.

Salehe alikuja kuniona hospitali na machungwa. Akalia. "Kaka, nilisikia kiganja, nikajua chako."

"Kilitokea upande gani?"

"Mbele, karibu na mlango wangu."

"Na nani alikuwa mbele?"

Akainama. "Mwinshehe. Lakini kaka, yule ndiye anayenipa safari."

Mbele ya tajiri, Salehe huyohuyo akasema hakusikia kiganja chochote. Mwinshehe akasema utingo alisimama vibaya. Tajiri akauliza kama bodi imebonyea. Haikubonyea. Mambo yakaishia hapo.

Mguu waliukata chini ya goti. Mke wangu sasa anauza vitumbua, mimi namenya nazi. Siyo hilo linalonichosha. Linalonichosha ni watoto wa mtaani kunicheka, "Utingo aliyelala!" Wameambiwa na nani?

Nilichojifunza ni hiki, enyi matingo: usiingie nyuma ya lori mpaka dereva akuone kwa jicho na azime injini. Kiganja kinaweza kuwa cha yeyote. Mwenye la kuongeza au la kupinga, nimeacha nafasi hapo chini, kalamu imefungwa kwa kamba.

Lakini wa kwanza kuandika awe Mwinshehe.

Mwinshehe, Iddi inakuja na utapanda mnara. Nimekwishamwambia mkuu wa ngoma kwamba nitakuja na gongo langu la kutembelea, nitasimama palepale pangu, nyuma yako. Kama utaniogopa, wewe unajua kwa nini.

Kabla hujaweka mguu kwenye bega la mtu, geuka, nitazame, useme watu wote wasikie: mkono ulikuwa wa nani?