Maisha ya Mama Najua, Aliyerudi Chumba cha Hostia

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1931, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na kituo cha zimamoto. Jina la ubatizo alipewa, na limo katika daftari la parokia kwa anayetaka kulitafuta, ila tangu alipoanza kusema hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Mama yake alipomwambia kwamba sufuria ni ya moto, alijibu, "Najua." Baba yake alipomwonyesha namna ya kushika sindano ya ngozi, alijibu, "Najua," kisha akajichoma kidole. Dada zake wakambandika jina la Najua, likamganda. Wapo waandishi wanaopenda kutuambia kwamba watakatifu walikuwa wapole tangu tumboni mwa mama zao. Huyu hakuwa hivyo, nasi hatutatia chumvi. Alikuwa mtoto mwerevu, mchapakazi, mwenye moyo safi na kichwa kigumu kama soli ya buti.

Wito wake ulimjia akiwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alimtuma kwenye nyumba ya masista kurudisha jozi kumi na mbili za viatu vilivyotengenezwa. Akisubiri mlangoni, aliona ndani ya chumba kidogo masista wawili wakioka hostia, yaani ule mkate mwembamba wa altare. Mmoja alimimina uji wa unga juu ya chuma cha moto, mwingine akakibana, na baada ya muda mfupi ikatoka karatasi nyeupe ya mkate. Hakuna aliyesema neno. Alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba anataka kuishi kule. "Utaweza kutumwa, wewe?" baba yake alimuuliza huku akicheka. Akajibu kama kawaida yake. Baba akatikisa kichwa, akampa baraka.

Aliingia utawani mwaka 1951, akapangiwa chumba kilekile cha hostia, na ndani ya miaka mitatu hakuna aliyemfikia kwa kuoka. Alipima moto wa chuma kwa kusikiliza tu tone la maji linavyolia juu yake. Mwaka 1968, akiwa na miaka thelathini na saba, alichaguliwa kuwa Mama Mkuu wa nyumba. Alikuwa kiongozi hodari, hilo hata wasiompenda walikubali. Alijenga zahanati, akachimba kisima, akaziba paa la kanisa lililokuwa likivuja kwa miaka sita. Masista walimheshimu mno. Lakini walimzoea pia, na kumzoea kwenyewe kulikuwa kuacha kumwambia jambo. Ukifika na shida yako, kabla hujafika katikati ameshakujibu, na mara nyingi jibu lilikuwa sahihi. Faraghani walimwita Mama Najua. Alilisikia jina hilo siku moja akipita dirishani, akatabasamu, maana alidhani ni sifa.

Sasa tunafika mwezi wa tano wa mwaka 1979, wakati wa jaribu lake. Msomaji aelewe kwanza kwamba Kanisa letu huagiza mkate wa altare uwe wa ngano na maji tu, bila hamira. Katika ghala ya nyumba ile palikuwa na mapipa mawili ya bati yaliyofanana. La kifuniko cha bluu lilikuwa la unga wa hostia. La kifuniko cha kijani lilikuwa la jikoni, nalo lilijaa unga wa keki uliochanganywa hamira tayari. Aliyesimamia uokaji alikuwa sista kijana ambaye Mama Mkuu alimfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe. Sista huyo, ambaye tutamwita Mwokaji, alikuwa msichana wa maneno machache asiye na wazazi, na zilibaki wiki tatu tu afunge nadhiri za daima.

Jumatatu moja Mwokaji aligonga mlango wa ofisi. "Samahani Mama. Leo hostia zinavimba."

"Chuma hakijapata moto sawasawa," Mama Mkuu alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye barua. "Najua. Endelea."

"Nimekipima, Mama. Labda unga—"

"Sista. Endelea."

Akaendelea. Hostia elfu nane zilipelekwa parokia kumi na moja, na sherehe ya Pentekoste ilikuwa Jumapili ile. Ijumaa paroko mmoja mzee alivunja moja, akaona vitundu ndani, akainusa, akapiga simu kwa Askofu. Fikiria fadhaa iliyofuata! Madereva walitumwa huku na huku kuzirudisha, na Askofu akaandika barua kali akitaka kujua mhusika. Ghala ilipokaguliwa, pipa la kifuniko cha bluu lilikutwa na unga wa keki. Jumamosi iliyotangulia Mwokaji aliviosha vifuniko vyote viwili, basi baraza la nyumba likaona mambo yako wazi: aliviosha, akavibadilisha. Aliulizwa, akasema, "Niliviosha, nikaviacha vikauke. Niliporudi nilikuta mapipa yameshafunikwa." Nani aliyafunika? Hakujua. Juu ya onyo lake la Jumatatu alinyamaza, na Mama Mkuu, aliyeketi palepale mezani, alinyamaza pia. Baraza likaamua kwamba hatafunga nadhiri. Arudi kwa shangazi yake, kwa basi la Jumamosi inayofuata.

Katika siku hizo Mama Mkuu alikuwa akihangaika na jambo jingine dogo. Miwani yake ilikuwa imepotea, naye alitumia ya zamani iliyolegea mkono. Jumatano aliingia ghalani kuhesabu magunia, akanyoosha mkono nyuma ya mapipa kuokota kamba iliyoanguka, akaigusa miwani. Hapo kumbukumbu ikamrudia yote. Jumamosi ile aliingia kwa haraka, akaona mapipa wazi na vumbi la unga limetanda kwenye vioo vyake. Alivua miwani, akaiweka ukingoni mwa pipa, akavichukua vifuniko vilivyokuwa vikikauka, akavibandika. Bila miwani, katika kigiza cha ghala, bluu na kijani kwake vilikuwa rangi moja. Wala hakusimama kuuliza.

Hakuna aliyejua ila yeye. Na jambo la kusema ni hili, tena tulilipata kwa maandishi yake mwenyewe: alinyamaza kwa siku mbili. Masista wa nyumba zote walikuwa wakutane mwezi wa saba kumchagua mkuu wa shirika zima, na kila mmoja alijua atakuwa yeye. Alijiambia kwamba mambo mengi mema yangeharibika. Alijiambia kwamba msichana bado mdogo, atapata maisha mengine. Aliandika: "Nilikuwa na sababu saba, zote nzuri, na hakuna hata moja niliyoweza kuisema kanisani."

Nyumba ile ilikuwa na desturi ya tangu zamani. Sista aliyevunja au kuharibu kitu alikuja siku ya Ijumaa kwenye mlango wa chumba cha kulia, amekishika kitu chenyewe mkononi, akapiga magoti na kusema alichofanya. Hakuinuka mpaka Mama Mkuu amwambie, "Inuka." Ijumaa hiyo, saa sita na nusu mchana, masista walikaa mbele ya sahani zao wakisubiri sala. Mwokaji alikaa mwisho wa meza. Sanduku lake lilikuwa tayari ukumbini. Mlango ukafunguliwa, na Mama Mkuu akapiga magoti kizingitini akiwa na kifuniko cha kijani mkono mmoja na miwani mkono mwingine.

"Kifuniko hiki nilikiweka mimi," alisema. "Sista alinionya kwamba hostia zinavimba, sikumsikiliza. Barazani hakunitaja, nami nikamwacha abebe kosa langu. Nimejua tangu juzi."

Na hapo ndipo wote walipogundua kwamba desturi yao ilikuwa na tundu: hakuna aliyepewa mamlaka ya kumwinua Mama Mkuu. Makamu wake aliinuka kitini, akaketi tena. Supu ikapoa. Mpishi, mama wa watu asiyeweza kuvumilia chakula kupoa, akanong'ona, "Jamani, atakesha pale?"

Ndipo Mama Mkuu akamtazama aliyekaa mwisho wa meza. "Mwanangu, nakusubiri wewe."

Mwokaji alisimama. Alizunguka meza nzima kwa hatua ndogo, machozi yakimtoka waziwazi, akafika mlangoni. Akasema, "Inuka, Mama," akamshika kiwiko, kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

Jioni ile barua ilikwenda kwa Askofu, ikiwa na maelezo yote na ombi la kujiuzulu. Askofu alilikubali bila maneno mengi. Mwokaji alifunga nadhiri siku ileile iliyopangwa. Mama Najua aliomba jambo moja tu, arudishwe chumba cha hostia chini ya Mwokaji, akarudishwa. Alikaa humo miaka kumi na tisa. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Novemba 1998, aproni ikiwa bado kiunoni, baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi.

Yapo yanayosimuliwa tangu hapo. Mwashi mmoja aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona husema aliona tena baada ya kuigusa ile miwani; daktari wake husema dawa zilisaidia. Mwalimu mkuu ambaye hakuwa amezungumza na msaidizi wake kwa miaka sita alisali kaburini, akaenda moja kwa moja kumwomba radhi mbele ya walimu wote. Kanisa halijatamka lolote juu ya hayo. Mke wa mwalimu mkuu ameshatamka: kwa anavyomjua mumewe, huo ni muujiza.

Padri aliyetumwa kukusanya ushahidi wa utakatifu wake alimuuliza Mwokaji, ambaye siku hizi ndiye Mama Mkuu wa nyumba ile, kama marehemu alimwomba msamaha tena baada ya siku ile ya mlangoni.

"Hapana, padri," alijibu. "Ila kila asubuhi, miaka yote kumi na tisa, alisimama mbele yangu akaniuliza, 'Sista, leo nifanye nini?' Na kazi ile ni yeye aliyenifundisha."

Nasi tuliokabidhiwa watu, iwe nyumbani, kazini au kanisani, tukitaka kumwiga tusianze na kupiga magoti mbele za watu. Tuanze na swali lake la asubuhi, kisha tungoje jibu.