Pale Kiondo Kilipobana

Wapangaji wangu husema mimi Wamuyu, Mama Kihara, napenda umbea. Sikatai. Ploti ya vyumba kumi na viwili hapa Kawangware haiendeshwi na mtu wa kufumba macho. Lazima nijue nani amehama, nani amegombana na nani, na kwa nini chumba cha nne wamenunua sufuria kubwa hivyo na wako wawili tu.

Ndiyo maana Kalekye alipoingia langoni siku ya mwisho ya mwaka 2007, nilimkagua kutoka juu hadi chini. Alikuwa ametoka Mashimoni, kule Kibera, ambako nyumba zilikuwa zikichomwa tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe. Mgongoni alikuwa na Mwende, bintiye wa miaka mitatu. Mkononi alishika kiondo ambacho hakijamalizika, nyuzi zake zikining'inia. Basi. Hana godoro, hana sufuria. Nikajiuliza, mtu anayekimbia moto anaokoaje kikapu? Nzilani, binamu yake na mpangaji wangu, alimpa nafasi chumbani kwake.

Alhamisi, tarehe tatu Januari, Kalekye alianguka pale mferejini tunapochota maji. Mwili ulikakamaa, ukatikisika, povu likamtoka. Mmoja akaja mbio na kijiko ati amtie mdomoni, wengine wakarudi nyuma wakisema povu hilo huambukiza. Niliwafokea wote. Nikavua sweta nikamwekea chini ya kichwa, akatulia nikamlaza kwa upande, nikangoja. Alipopata fahamu aliuliza jambo moja tu.

"Mwende ameona?"

Mwende alikuwa ameona.

Tangu hapo akawa mtu wa kutazama ukuta. Uji unapoa mbele yake mpaka unashika utando. Mtoto akimgusa shavu, anamwangalia kama mtoto wa jirani. Jioni tu ndipo alipochukua kile kiondo, akasuka kidogo, akakiweka chini. Nilidhani ni habari za redio zilizomlemea, maana zilitulemea sote. Hata chumba cha saba hapa kwangu kilikuwa na kufuli. Mama Omolo, Mjaluo tuliyeishi naye jirani miaka kumi na moja, aliondoka asubuhi ile Kalekye alipofika, bila kuaga. Nilisema wapangaji hawakosekani. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie.

Ijumaa nilimpeleka zahanati ya Riruta, iliyofunguliwa kwa saa chache tu. Vidonge vyake vya kifafa vilikuwa vimebaki Mashimoni, kwa hiyo alikuwa amekosa dawa siku kadhaa. Nesi akampa vingine.

"Na huku kununa?" nikauliza. "Kuna dawa yake?"

"Kichwa kikishatikiswa hivyo, moyo nao unaweza kushuka," nesi akasema. "Mara nyingi hupanda tena. Siku ngapi, kila mtu na zake. Asipopanda, mrudishe."

Siku ngapi? Swali hilo lilinikaa kichwani njia nzima.

Jumamosi asubuhi Nzilani akaniambia kaka yao Musembi amepata nafasi kwenye lori la Kitui. Linaondoka saa sita, na Kalekye anamtuma Mwende akalelewe na nyanya yake. Nikaingia chumbani bila kubisha.

"Unampeleka kwa muda?"

"Kabisa, Mama Kihara." Begi dogo lilikuwa tayari mlangoni. "Nikianguka jiko likiwaka? Baba yake aliniona nikianguka mara moja tu, akaenda zake. Heri mtoto akue bila kunijua."

Alisema hivyo bila chozi, na hilo ndilo lililoniuma. Nikikosa la kusema huwa nashika kitu, kwa hiyo nikashika kiondo.

Mama yangu alinifundisha kusuka kule Kiambu, kabla sijatoroka kazi hiyo. Vidole havikuwa vimesahau. Kiondo kilikuwa laini, halafu ghafla pakabana, pagumu kama kisigino. Juu yake palikuwa laini tena, halafu pakabana tena.

"Hapa kulienda aje?"

"Katani mbaya. Kuna mama wa Makina, hukohuko Kibera, aliniuzia imekauka. Nilimgombeza mpaka tukakosana."

"Na hapa juu?"

"Ni katani ya mama yuleyule."

"Na hii mizunguko miwili ya mwisho? Katani ni ileile ya hii laini iliyo chini yake."

Akageukia ukuta. Nikauliza huwa anakisuka saa ngapi.

"Za kuuza nasuka mchana. Hiki ni changu. Mzunguko mmoja kila jioni, Mwende akishalala. Tangu Septemba sijaruka hata siku moja."

"Na tangu Septemba umeanguka mara ngapi?"

Akainua kichwa. "Oktoba. Halafu mwisho wa Novemba. Halafu juzi."

Nilimvuta mpaka mlangoni penye mwanga. Tukahesabu kushuka: miwili ya kubana, thelathini na kitu laini, halafu ya kubana tena. Mitano. Tukashuka mpaka Oktoba. Mitano. Nikarudia, maana huwa sijiamini.

"Ni siku tano," nikasema. "Mikono yako ilijua, wewe ukamlaumu mama wa watu. Leo ni siku ya tatu. Mtu hauzi shamba akiwa na malaria, Kalekye, na hapeani mtoto."

"Na kama mara hii hali haitaisha?"

"Sijui. Lakini mimi nataka kujua. Wewe hutaki kujua?"

Nje Musembi alikuwa akiita. Kalekye aliangalia begi, akaangalia kiondo.

"Mwambie aende," akasema. "Lakini Jumatano kukija lori lingine, usinizuie."

Jioni hiyo hakuwa na nguvu hata ya kushika uzi. Mzunguko wa tatu nikausuka mimi.

"Usiniharibie," akanong'ona. "Nyinyi Wakikuyu mnasuka kama mnafunga mbuzi."

Jumapili alisuka wa nne. Jumatatu alisuka wa tano, akanywa uji nusu kikombe. Nilikuwa na wasiwasi mwingi, sitaficha. Kama nimekosea, nilikuwa nimemwongezea mateso tu.

Jumanne alasiri nikasikia kelele uani.

"Nani amesuka mtoto wangu nywele hivi? Hiki ni kichwa ama ni kiota?"

Ni mimi niliyemsuka, na sijawahi kufurahia matusi namna ile. Mwende alikuwa magotini pa mamake akicheka. Nguo zake zilikuwa zimetolewa kwenye begi, zimefuliwa, zinakauka kwenye kamba.

Kalekye alipomaliza nywele za mtoto, akachukua kiondo akasuka mzunguko wa sita palepale uani. Akaupapasa. Ulikuwa laini. Akashuka kwa kidole, wa tano, wa nne, akafika wa tatu akasimama.

"Huu ndio umebana kuliko yote. Na si wangu."

"Nimesahau kusuka," nikasema. "Ni miaka mingi."

Akanikagua kutoka juu hadi chini, vile mimi hukagua wapangaji.

"Mama Kihara, na wewe ulianguka lini?"

Nilitaka kumwambia ashughulike na yake. Lakini macho yalienda kwenye kufuli ya chumba cha saba, na nikalia pale uani, watu wakiniona.

"Niliwadanganya," nikasema. "Mama Omolo alikuja kuniaga. Alibisha mlango, akaniita jina. Niliogopa watu watasema nini wakiona namfungulia Mjaluo. Sikufungua."

Kalekye hakunihukumu wala hakunibembeleza. Alinisogezea kiti, akaniwekea kiondo magotini, na uzi mpya.

"Wa kesho ni wako," akasema. "Suka, tuone."