Kwenda Mgeta Kumwondoa Karin Kwenye Kamati

Nilipanda Mgeta kwa sababu ya mbwembwe zangu mwenyewe za ualimu. Katika barua ya kumwalika Karin kwenye harusi ya binti yangu Zuhura, niliandika kwamba mgeni "atahudumu katika Kamati ya Harusi, Idara ya Chakula". Hapa Morogoro hiyo ni heshima. Mtu unayempenda humpi kiti cha mbele tu, unampa na idara. Maofisa wa viza wao walisoma kilichoandikwa: mama huyu wa Uswidi ameomba viza ya utalii, na mwaliko wake unasema anakuja kufanya kazi jikoni. Wakamrudishia maombi, wakitaka barua nyingine kutoka kwa mwalikaji yuleyule, inayoeleza wazi kwamba haji kufanya kazi. Zilikuwa zimebaki siku tisa apande ndege.

Mwalikaji aliyesaini barua niliyoiandika alikuwa shemeji yangu Shabani wa Mgeta, kaka wa marehemu mke wangu, mwenyekiti wa kamati. Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Mimi baba mzazi siku za harusi naonekana kama mpangaji. Nilimpigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mtu haondolewi kwenye kamati kwa simu, akakata.

Karin alikaa nasi nyumbani Mafiga, hapa mjini, miaka miwili, akifundisha chuoni, Zuhura akiwa hajaanza shule. Yeye na mke wangu Tatu walikuwa chanda na pete. Tatu ametutoka huu mwaka wa tatu, na tangu tuanze vikao vya harusi Zuhura ameomba kitu kimoja tu.

"Baba, mama hayupo," aliniambia. "Na Karin naye asipokuja, atanivalisha nani anayemkumbuka mama akiwa kijana?"

Basi Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka Mafiga na karatasi safi, kalamu mbili na ile barua yangu ya aibu, vyote ndani ya faili la plastiki. Mpaka Mlali safari haikuwa na la kusimulia. Pale nikapata lifti ya Fuso iliyokuwa inarudi juu na matenga matupu baada ya kushusha mboga Dar. Dereva alitaka kujua mwalimu mzima anafuata nini Mgeta na faili. Nilipomweleza alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alisema yeye ni Idara ya Usafiri kwenye harusi tatu za mwaka huu, na hakuna hata moja iliyokumbuka kumbakizia sahani ya pilau. Mzungu wangu, alisema, ashukuru wamemweka kwenye chakula.

Baada ya Mlali barabara inaanza kupanda na haina mzaha. Masikio yaliziba, nikavaa sweta niliyokuwa nimeibeba kwa mashaka. Kila kona tulikutana na lori la kabichi linashuka, na sisi watupu ndio tuliorudi nyuma kulipisha. Upande wa pili wa bonde mashamba yamepanda mlima ngazi kwa ngazi, njegere hapa, karoti pale, mpaka unajiuliza mkulima amejifunga na nini asianguke.

Saa nne na nusu nilishuka sokoni, nikashika njia ya miguu kwenda kwa Shabani. Akina mama waliobeba karoti kichwani walinipita huku wakinisalimia vizuri kabisa. Mimi niliitikia kwa mkono, pumzi sina.

Nilimkuta Shabani anaosha karoti. Nikampa shikamoo yake, akaipokea, akasema tule kwanza. Tulikula ugali na njegere bila neno la viza. Alipomaliza kunawa ndipo akaomba barua, akaisoma amesimama.

"Mwalimu," alisema, "hiyo Idara ya Chakula ilikuwa ya nani?"

Mimi nilidhani tumegawa vyeo tu. Yeye alikuwa amempa Karin nafasi ya dada yake. Harusi zote za ukoo ule, Tatu ndiye aliyekaa kwenye kigoda kando ya sufuria kubwa.

"Sasa unataka niandike kwa mkono wangu kwamba hana nafasi?"

Nilimwambia kwamba asipoandika, Karin haji, na kigoda kitabaki kitupu kabisa. Aliinama akaosha karoti mbili tatu.

"Tatu alikuwa anafanya nini pale?" aliuliza.

Nikasema ukweli. Mke wangu hakuwahi kugeuza mwiko, moshi ulikuwa unamtesa. Alikuwa anakaa, anapiga soga, wakimwonjesha mchuzi anasema chumvi bado, hata kama chumvi ipo. Shabani alicheka, machozi yakamtoka.

"Basi hakuna kazi hapo. Andika."

Niliandika kwamba Karin anakuja kama mgeni na mtalii, kuhudhuria harusi na kuiona milima, na hatafanya kazi yoyote. Alisaini polepole, tukapita ofisi ya kijiji kugonga muhuri. Nilishuka na lori la kabichi, saa kumi na moja nikawa mjini, nikaipiga barua picha na kumtumia Karin kwa simu. Siku ya nne viza ilitoka, na Zuhura alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Toka siku hiyo, kabla sijatuma barua, najiuliza kwanza mtu asiyetujua ataielewaje.

Siku ya harusi Karin alikuwa mtiifu kupita kiasi. Akina mama walipomenya vitunguu alificha mikono ndani ya kanga. Shabani mwenyewe ndiye aliyebeba kigoda, akakiweka kando ya sufuria kubwa, akamkalisha. Mpishi akamletea mchuzi kwenye kijiko. Karin akanitazama kwa wasiwasi, nikamtikisia kichwa kwamba hiyo si kazi. Akaonja, akafikiri kidogo.

"Chumvi bado," alisema kwa Kiswahili chake kilekile cha Mafiga.

Dirisha la chumba alimokuwa akipambwa Zuhura likafunguka.

"Baba, nani kasema hivyo?"

"Idara ya Chakula, mwanangu," nikamjibu.