Waya ya Athi

Mwenye nyumba wetu wa Gatina alitaka ploti yake ifanane na za matajiri, kwa hiyo akaweka mitungi ya gesi nje na bomba la chuma likapenya ukuta hadi jikoni kwetu. Fundi wa stima akafunga waya ya kijani na manjano kwenye lile bomba. Mama akamuuliza ni ya nini.

"Hii inaenda athi, mathe," akasema, akabeba vyombo vyake.

Alimaanisha ardhini, mafundi wengi Nairobi husema hivyo. Lakini Mama alijua Athi moja tu, ule mji wa viwanda vya simiti kwenye barabara ya Mombasa.

Wiki hiyo fyuzi ikaungua mara tatu, kila mara tukiwasha taa ya jikoni. Mama akaelewa kivyake: stima yetu inapelekwa Athi. Akazima meni, ile swichi kubwa ya nyumba, akaikata ile waya kwa kisu cha sukuma wiki. Mimi nilikuwa mezani na kitabu cha fizikia cha Form Three. Nilijua kwamba stima ikipotelea kwenye bomba, waya ile huipeleka chini na fyuzi hukatika. Fyuzi ilikuwa inatuonya.

"Mama, hiyo waya..."

"Hiyo waya nini?"

Jirani alikuwa amekaa pale akinywa chai. Mbele ya wageni mimi hufungika mdomo. "Hakuna."

Taa hazikuzimika tena, na Mama akajisifu ploti nzima. Kisha koki ya gesi kwenye bomba ikaanza kumuuma vidole. "Gesi ya siku hizi ina nguvu," akasema, akawa anaishika kwa kitambaa cha vyombo. Kitambaa chenyewe kimelowa maji! Nilikuwa nikiandika hasira zangu kwenye daftari badala ya kusema.

Jumapili moja jioni, taa ya jikoni ikiwa inawaka, nikachukua testa ya kaka yangu, ile bisibisi ya kupima stima, nikaigusisha koki. Taa yake ndogo ya ndani ikawaka.

"Ona. Bomba lina stima."

"Si ni gesi ndiyo inaiwasha."

"Gesi haiwashi testa, Mama. Athi ni udongo, huu wa chini ya miguu yako. Ulikata waya ya kukulinda." Sauti yangu ilikuwa imepanda kuliko nilivyotaka.

Mama akaniangalia. "Na wewe ulijua lini?"

"Siku ile uliikata."

"Ukakaa wiki mbili ukiniangalia na kitambaa cha maji?"

Akazima meni, akakataza koki isiguswe, na usiku huo tukala mkate mkavu.

Kesho yake fundi yule akaja, akakuta waya ya taa imebanwa nyuma ya bomba hadi ganda limechubuka. Akaibadilisha, akafunga upya na ile ya kijani na manjano. Mama akanisukuma mbele ya fundi.

"Muulize kila kitu, wewe. Mimi na huyu hatusikizani."

Nikauliza. Mara mbili fundi aliniambia niongeze sauti.